Holda ya simu kwenye skuta ya umeme: anza na usukani, simu baadaye

Mimi ni fundi wa vyerehani hapa Mbeya, na wateja wangu wengi hawaleti mashine kibandani. Nani atabeba cherehani cha miguu kutoka Uyole? Wananiita, nami naenda. Zamani maelekezo yalikuwa "shuka Mama John, uliza kwa mama anayeuza maandazi". Siku hizi mtu ananitumia lokesheni kwa WhatsApp na kunyamaza. Hata vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022 havijawatoa watu kwenye hiyo tabia. Namba ya nyumba yake haikumbuki, pini anaijua.

Sasa pini iko kwenye simu, simu iko kwenye mkoba, na mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani wa skuta. Skuta yenyewe ni ile ndogo ya kusimamia, ya umeme, mdogo wangu aliniletea kutoka Dar. Ukitaka kusoma ramani lazima usimame, uvue glavu (Julai asubuhi hapa huendeshi bila glavu), ufungue mkoba, usome, urudishe, uondoke. Baada ya kona mbili umesahau. Ndiyo maana nikatengeneza holda.

Kwa nini sikununua? Zipo madukani, za bodaboda, na kwa bodaboda zinafaa. Kwenye skuta hii nina ugomvi nazo. Meno yake ya pembeni hubana vitufe vya sauti na cha kuzimia, springi yake hulegea, na zaidi ya yote mguu wake hauushiki vizuri usukani. Watu wakitengeneza holda za nyumbani hurudia kosa hilohilo: wanahangaika na namna ya kuishika simu, halafu usukanini wanafunga kamba. Simu haidondoki, lakini holda nzima inajizungusha na kutazama chini kila ukipita tuta. Kwa hiyo nusu ya maelezo yangu ni ya sehemu ambayo ukimaliza kazi huioni tena.

Pima usukani kwa uzi

Huhitaji kipimo cha fundi mitambo. Chukua uzi usiovutika, uzungushe mara moja kwenye usukani mahali unapotaka holda ikae, weka alama, unyooshe juu ya rula, kisha gawa kwa 3.14. Uzi ukisoma sentimita 7, usukani una unene wa milimita 22 na kidogo. Ukisoma sentimita 10, ni karibu milimita 32. Pima mahali penyewe, usipime penye mpira wa kushikia halafu ukadhani kote ni sawa. Usukani mwingi huwa mwembamba pembeni na mnene katikati.

Mahali pazuri ni karibu na katikati, upande usio na kidude cha mafuta (ndivyo tunavyokiita kile cha kuongezea mwendo) kinachosukumwa kwa kidole gumba. Kabla hujaamua, fanya mambo matatu bila haraka. Bana breki mpaka mwisho uone wenzo unafika wapi. Zungusha usukani kulia na kushoto uangalie nyaya zinavutika kuelekea wapi. Halafu ikunje skuta. Skuta nyingi za aina hii zikikunjwa hushikwa kwa kengele: kengele ina kindoano kinachoingia kwenye bati la tairi la nyuma. Ukiweka holda karibu na kengele, skuta haikunjiki tena, na skuta isiyokunjika haipandi daladala. Usizibe pia kile kioo kidogo cha spidi na betri. Kwenye milima yetu betri ni jambo la kulitazama mara nyingi kuliko ramani.

Na hili nalisema kwa ukali: usitoboe usukani wala nguzo. Ndani ya nguzo mna nyaya zinazotoka kwenye kidude cha mafuta na breki kwenda kwenye mota, na nguzo hiyo ndiyo inayobeba uzito wako wote ukifunga breki ghafla mteremkoni.

Kikuku cha bomba

Nenda duka la vifaa vya ujenzi na uzi wako. Mimi nilipofika pale Mwanjelwa muuzaji aliniuliza, "Dada, unataka la inchi ngapi?" Nikamwambia, "Sijui inchi, kaka. Nataka linaloingia hapa," nikampa kipande cha kijiti nilichokizungushia karatasi mpaka kikafikia unene wa usukani. Akacheka, lakini aliniletea bomba sahihi. Fundi bomba yeyote mtaani kwako pia ana vipande anavyotupa.

Unachotafuta ni bomba gumu la plastiki, la maji, ambalo tundu lake linazidi unene wa usukani kwa milimita 2 hadi 4. Nafasi hiyo ni ya mpira. Kata kipande cha sentimita 7, kisha kipasue kwa msumeno wa chuma upande mmoja tu, kwa urefu wote, kiwe kama kikuku cha kuvaa mkononi. Sasa upanue ule mpasuo: toa ukanda wa milimita 5 hivi.

Ukanda huo usiudharau. Kikuku kinashika kwa sababu klipu inakibana na kingo zake mbili zinasogeleana. Kingo zikigusana kabla hazijaubana usukani, basi hata ukikaza klipu mpaka skrubu ilie, unabana plastiki peke yake na kikuku kitaendelea kuzunguka. Kwa hiyo ukimaliza kukaza, lazima uwazi wa milimita 2 au 3 ubaki. Usipobaki, ongeza safu ya mpira ndani au panua mpasuo.

Mpira ni tyubu ya baiskeli. Watoto wa mtaani watakuonyesha nzuri iko wapi, ndiyo wanayotengenezea manati. Ioshe ile poda ya ndani kwa sabuni, ikauke kabisa, maana poda inateleza. Kata kipande cha upana wa kikuku, kizungushe kwenye usukani mara moja, kingo zikutane bila kupandana. Usipake mafuta wala gundi. Mpira mkavu juu ya chuma kikavu unashika kuliko gundi, na ukitaka kutoa, unatoa.

Kabla ya kufunga, toboa kikuku matundu mawili ya milimita 5 upande ulio mkabala na mpasuo, yakiachana sentimita 3. Kwa ndani yapanue midomo kwa drili nene zaidi ili kichwa cha boliti kizame. Boliti ninazotumia ni za milimita 5, urefu milimita 20, zenye kichwa bapa kinachochongoka chini. Zinaingia kutoka ndani ya kikuku zikitokeza nje. Kichwa kikizidi kidogo, toboa tyubu mahali hapo ili kiingie humo, kisikwaruze usukani.

Kisha klipu za hosi, ile mikanda ya chuma yenye skrubu inayofungia mipira ya maji ya gari. Mbili, moja kila mwisho wa kikuku, boliti zikiwa katikati. Skrubu zake zitazame mbele au chini, kamwe zisikutazame wewe. Mkia wa klipu ukibaki mrefu, kata na uuvishe kipande cha tyubu. Unakata kama wembe. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, mpaka ukikishika kikuku kwa mkono mzima na kukisokota hakiendi. Hapo simama. Usukani mwingi wa skuta ni alumini, na alumini ikishabonyea hairudi.

Kibao

Hapa nitakwenda haraka kidogo, kwa sababu kibao kikiwa kibaya unatupa na kutengeneza kingine.

Tafuta kipande cha bomba la maji machafu, la inchi 4, urefu kama sentimita 20. Lipasue upande mmoja, lilaze kwenye sufuria kuukuu yenye maji yanayochemka. Plastiki hii huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, na bado yanatosha kabisa. Vumilia tu dakika chache zaidi. Hata wa Makete, walio juu kuliko sisi, wataweza. Ukiona limelegea, litoe kwa koleo na glavu, lifungue, liweke katikati ya mbao mbili na ukalie mpaka lipoe. Linatoka bapa.

Kuna watu wanaolainisha bomba juu ya moto wa mkaa. Usifanye. Plastiki hii ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma macho na mapafu, na sufuria hiyo ya maji usiipikie tena ugali.

Kata kibao kikubwa kuliko simu yako kwa milimita chache kila upande. Simu ya inchi 6.5 ina urefu kama sentimita 16 na upana sentimita 7 na nusu, lakini pima yako. Lainisha pembe kwa msasa. Toboa matundu mawili yanayolingana na boliti za kikuku, chini kidogo ya katikati. Halafu kata dirisha mahali pa kamera, ili kamera isikalie kitu chochote.

Ndala, na habari ya mtikisiko

Skuta ina magurudumu ya inchi 8 na nusu hivi. Kijiwe ambacho baiskeli haikijui, skuta inakupigia nacho meno. Tangu waanze kupanua barabara kuu kutoka Nsalaga hadi Ifisi, sisi tunaopita njia za pembeni tunaujua mtikisiko huo vizuri. Na simu za leo haziupendi. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki kubwa unaweza kuharibu vifaa vya ndani ya kamera vinavyotuliza picha. Kwa vyombo vidogo na vya umeme walisema mtikisiko ni mdogo zaidi, lakini walishauri holda yenye kitu cha kuupunguza, na usiiache simu hapo kwa saa nyingi kila siku. Simu nyingine zenye kamera za namna hiyo zina vifaa vilevile, kwa hiyo usiseme "yangu si iPhone".

Kitu cha kuupunguza ni ndala iliyochakaa. Kata vipande viwili. Cha kwanza kinakaa kati ya kikuku na kibao: upana wa sentimita 5, unene wa sentimita 1, na upande wa chini kichonge mfereji ili kikalie mviringo wa kikuku vizuri. Bila mfereji kibao kitacheza mbele na nyuma kama bembea. Cha pili ni godoro la simu, la ukubwa wa kibao, unene uleule, litakalokaa juu.

Pitisha boliti kwenye kipande cha kwanza, weka kibao, weka washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu (nyembamba itazama kwenye plastiki), kisha nati. Nati ziwe zile zenye pete ya plastiki ndani. Hizo hukaa hapo ulipoziachia hata kama hujazikaza mpaka mwisho, na ndicho tunachotaka: ndala ibonyee kidogo, isipondwe. Ndala iliyopondwa ni sawa na kutokuwa na ndala.

Kushona kava

Hapa ndipo ninapojidai, maana ni kazi yangu.

Nunua kava la pili la simu yako, la mpira laini, la bei ya chini kabisa. Hilo litakaa kwenye holda siku zote. Wengi hulibandika kwa gundi. Gundi nyingi haziushiki mpira wa silikoni, zitashika leo na kuachia kesho kwenye baridi. Mimi nalishona. Lilaze kava juu ya godoro la ndala, godoro juu ya kibao, toboa matundu madogo ya milimita 2 kuzunguka kingo, yakiachana sentimita 1, kupita vyote vitatu. Shona kwa uzi wa nailoni wa mafundi viatu, sindano mbili zikipishana kwenye kila tundu, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote usifumuke. Mwisho wa uzi uunguze kidogo kwa kiberiti.

Kabla ya kushona, kata matundu kwenye godoro na kwenye kava juu ya zile nati mbili, yawe na upana wa kupitisha spana ya boksi namba 8. Nati zitakuwa zimezama ndani ya godoro, hazigusi mgongo wa simu, na bado utazifikia ukitoa simu. Mpwa wangu alipoyaona aliniuliza, "Shangazi, haya matundu ni ya urembo?" Ni ya kukuepusha kufumua mshono wote kwa ajili ya nati iliyolegea.

Halafu ongeza mikanda miwili ya tyubu, upana wa milimita 8, mmoja juu na mmoja chini ya simu, ikipita pembezoni mwa kioo na kufungwa nyuma ya kibao. Kava linaishika simu siku zote. Mikanda ni kwa lile shimo ambalo hukuliona. Usitegemee kimoja.

Usiweke sumaku, hata ile ya spika kuukuu ambayo vijana wanaipenda. Dira ya simu inasoma usumaku wa dunia, na ukiibandikia sumaku mgongoni mshale kwenye ramani unaanza kutazama Chunya wakati wewe unakwenda Iyunga. Kibao chetu ni cha plastiki na hakizuii mawimbi ya setilaiti.

Jaribu kwa sabuni

Usianze na simu. Kata kipande cha sabuni ya mche chenye ukubwa na uzito wa simu yako, kiweke kwenye holda, kifunge mikanda, kisha nenda ukazunguke kwenye njia mbovu unayoijua. Ukirudi, paka mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye washa, na mwingine kutoka kwenye kikuku hadi kwenye usukani. Siku yoyote mistari hiyo ikikatika, kitu kimesogea. Ni haraka kuliko kushika spana kila asubuhi.

Mwinamo unaurekebisha kwa kulegeza klipu na kukizungusha kikuku: simama kwenye skuta kama unavyosimama ukiendesha, uone kioo bila kuinamisha shingo. Jaribu pia saa saba mchana, jua linapomulika kioo.

Ramani, chaji na mvua

Setilaiti hazihitaji bando. Bando linahitajika kupakua picha ya ramani tu, kwa hiyo pakua ramani ya Mbeya ukiwa nyumbani. Google Maps inaruhusu kuhifadhi eneo, na Organic Maps, inayotumia data za OpenStreetMap, hufanya kazi yote bila intaneti. Mimi naipenda hii ya pili kwa sababu moja: ukichagua njia ya baiskeli inakuchorea milima na mabonde ya safari nzima. Mota ya wati 250 na kilima cha kupanda kuelekea Loleza si marafiki. Afadhali kuzunguka kupitia Soweto kuliko kuisukuma skuta huku umebeba boksi la spana.

Weka sauti kwenye sikio moja, sikio la pili liache kwa ajili ya malori ya Tunduma. Kioo kitazame skuta ikiwa imesimama.

Simu ikihitaji chaji, tumia pawabenki kwenye kifuko kidogo kwenye nguzo, waya ukiwa na ulegevu wa kutosha usukani ukizunguka. Usivute umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya skuta. Betri nyingi za skuta hizi ni volti 36, simu inataka 5, na katikati hapo mtu aliyejifanya fundi ameshaunguza vyote viwili.

Kwa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, watu huuliza kuhusu mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku Juni 2019, na hata hivyo haifai, inapiga kelele kwenye upepo. Nunua kipande cha plastiki angavu ya kufunikia meza, shona kofia inayoingia kutoka juu na kubaki wazi chini. Uwazi wa chini ni wa waya na wa hewa, maana simu iliyofungwa kote huku ikionyesha ramani hupata joto hata siku ya manyunyu. Jua likitoka, vua kofia mara moja. Mvua ikiwa ya kweli, ile ya Machi inayoshuka kutoka upande wa Rungwe, ingia chini ya baraza la mtu, piga hodi, msalimie "ugonile", ukae. Skuta yenyewe imeandikwa IP54, yaani inavumilia kurushiwa maji. Kupita kwenye madimbwi haimo.

Ukifika kwa mteja, vuta mikanda, toa simu, ingia nayo ndani. Kibao kibaki nje. Hakuna atakayeiba kipande cha bomba kilichoshonewa ndala.